Geji ya Mafuta na Jina la Dereva



Leo tunaomba radhi kuzungumza juu ya kitu ambacho hakijazoeleka kutajwa katika kipindi hiki, nacho ni geji ya mafuta ya gari. Wengi wenu mlio makatekista mmewahi kukaa kiti cha mbele katika gari la parokia, mkaona ule mshale mdogo ukitetemeka kati ya herufi F na herufi E kila gari lipandapo kilima. Pengine hamkuutilia maanani. Sisi tuliutilia maanani kupita kiasi, hata tukamwita mtu mwaminifu mwizi, tena tukamwita hivyo mbele za watu.

Parokia tuliyoitumikia wakati ule ilikuwa katika Nyanda za Juu za Kusini, upande wa Njombe, nayo ilikuwa na vigango 14 vilivyotawanyika milimani. Gari lilikuwa moja tu, kubwa, la dizeli, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na tangi lake lilichukua lita 90. Gari hilo ndilo lililopeleka padre kigangoni, saruji kwenye ujenzi, mama mjamzito hospitalini na marehemu kaburini. Dereva alikuwa mzee mmoja aliyekuwa nalo tangu lilipofika. Alilifahamu kwa mlio wake. Usiku wa manane ukimgongea mlango kwa ajili ya mgonjwa, alikuwa ameshavaa viatu kabla hujamaliza kueleza.

Sasa ikawa mwezi mmoja wa mvua, mweka hazina alileta hesabu katika kikao cha Halmashauri ya Walei. Gari lilikuwa na desturi ya kwenda kilomita 8 kwa lita moja. Mwezi ule mita ya kilomita ilionyesha kwamba limekwenda kilomita 1,200, maana yake lilipaswa kutumia lita 150. Risiti za kituo cha mafuta zilionyesha lita 171. Mshale wa geji ulikuwa nusu mwanzoni mwa mwezi, na mwishoni mwa mwezi ulikuwa nusu vilevile. Basi lita 21 zilikuwa zimekwenda wapi? Mjumbe mmoja akasema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakikifikiri: hilo ni debe zima, na debe haliyeyuki.

Dereva aliitwa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Alipoulizwa, alijibu, “Baba, mimi sijui hesabu hizo. Ninajua kwamba sijatoa mafuta.” Tukamwambia kwamba geji haina sababu ya kusema uongo. Maneno hayo tuliyasema sisi, na hata leo tunayakumbuka kwa aibu. Tukachukua ufunguo, tukamwambia apumzike kwanza. Jumapili iliyofuata kila kigango kilikuwa na habari ya mpira wa kunyonyea dizeli, mpira ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Mke wake aliacha kuimba kwaya. Yeye mwenyewe alihudhuria Misa kama kawaida, ila alikaa benchi la mwisho kabisa, na alitoka kabla ya matangazo.

Kwa wiki tatu gari tuliliendesha sisi wenyewe. Hatukuiba hata kijiko cha dizeli, lakini hesabu ilitoka vilevile: kilomita 7 na kidogo kwa lita. Ndipo tulipoanza kuogopa. Tukampelekea gari fundi mmoja wa Makambako, mtu wa maneno machache, tukamweleza yote. Hakufungua hata boneti. Aliuliza maswali mawili: gari hulazwa wapi, na tairi hizi zilifungwa lini.

Hapa, ndugu wasikilizaji, hatuna budi kueleza jinsi geji inavyofanya kazi, maana tungalijua haya mapema tusingalimkosea mtu. Ndani ya tangi mna boya dogo linaloelea juu ya mafuta, limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipungua, boya linashuka, nao mkono unateleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Kwa hiyo umeme ufikao kwenye dashibodi unaongezeka au kupungua, na mshale unasogea. Ni hayo tu. Geji haipimi lita. Inapima kimo cha boya, mahali pamoja, ndani ya tangi lililo giza.

Tena tangi si ndoo iliyonyooka. Limebonyea mahali fulani ili lipishe ekseli, limenyanyuka mahali pengine ili lipishe bomba la moshi, na kwa sababu hiyo nusu ya kimo mara nyingi si nusu ya mafuta. Tangi likijazwa hadi shingoni, boya huwa limekwisha kufika juu kabisa ya mwendo wake, kwa hiyo mshale hutulia kwenye F kwa kilomita nyingi kana kwamba gari halili kitu. Kisha huanza kushuka haraka, na abiria wakalaumu injini. Chini nako watengenezaji huacha akiba, ili mshale ukigusa E bado pawepo mafuta ya kufika kituoni. Wapo madereva waliokwisha kuijua akiba hiyo na kuizoea kama haki yao. Siku moja akiba haitoshi, hewa inaingia katika mabomba ya dizeli, na gari haliwaki tena mpaka hewa itolewe kwa kupampu kwa mkono, gizani, mvua ikinyesha. Wale wanawali watano wa Injili ya Mathayo, waliobeba taa bila mafuta ya akiba, wangeelewana sana na madereva wa namna hiyo.

Geji, basi, ni ya kumwonya dereva, si ya kumhukumu. Fundi wetu alilionyesha jambo hilo kwa macho. Alituambia tusimamishe gari mahali palipo tambarare, injini ikiwaka, tukaweka alama ya penseli kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mshale. Kisha tukarudi nyumbani, na bila kuongeza wala kupunguza kitu tukaliegesha pale lilipozoea kulala, nyuma ya nyumba ya mapadre, penye mteremko, pua ikielekea juu. Tukangoja. Mafuta yalikimbilia nyuma ya tangi, boya likashuka, na mshale ukashuka nalo kiasi cha sehemu moja ya nane. Safari ya kutoka Makambako ilikuwa imekula lita chache tu, lakini tuliporudisha gari uwanjani mbele ya kanisa, penye usawa, mshale ulipanda tena karibu na alama. Sehemu moja ya nane ya lita 90 ni lita 11 na robo. Mwanzoni mwa mwezi ule geji ilisomwa uwanjani. Mwishoni mwa mwezi mweka hazina aliisoma kule nyuma, kwenye mteremko. Nusu ya kwanza na nusu ya pili hazikuwa nusu moja. Lita 11 hivi ambazo tulisema zimeibwa zilikuwa bado ndani ya tangi tulipokuwa tukimhoji mzee.

Zilibaki lita 10. Hapo ndipo lilipokuja lile swali la tairi. Kabla ya mvua tulikuwa tumefunga tairi nene na ndefu zaidi, kwa ajili ya matope, na kila mtu alizisifu. Lakini mita ya kilomita huhesabu mizunguko ya gurudumu, haioni barabara. Gurudumu likiwa kubwa zaidi, huzunguka mara chache zaidi kwa safari ileile, na mita husema umekwenda pungufu ya ulivyokwenda. Tuliijaribu kati ya Makambako na Njombe kwa kufuata mawe ya kilomita yaliyo kando ya barabara. Mawe yalihesabu kilomita 60. Mita yetu ilihesabu 57. Kwa hiyo zile kilomita 1,200 za mwezi ule zilikuwa kwa kweli 1,263. Dereva aliyedaiwa kula mafuta alikuwa amesafiri kilomita 63 zaidi ambazo hatukumwandikia.

Kisha tukapima matumizi yenyewe, na namna hii tunaomba makatekista na waweka hazina waiandike, kwa sababu haihitaji chombo chochote. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, gari likiwa limesimama mahali pa usawa. Andika kilomita. Tembea na gari kazi yako yote, mamia ya kilomita, wala usiangalie geji. Rudi katika kituo kilekile, pampu ileile, usimame vilevile, ujaze tena mpaka ikate. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo, ukiwa umekwisha kusahihisha kosa la tairi. Ukipima mara moja tu unaweza kudanganyika, kwa kuwa pampu haikati mahali pamoja kila siku. Pima mara tatu au nne. Na pampu yenyewe itazame kama ina alama ya kukaguliwa na Wakala wa Vipimo, ambao katika Tanzania umekuwa na kazi hiyo tangu ulipoanzishwa mwaka 2002. Kuhusu joto msijisumbue sana: lita 100 za dizeli zikipanda nyuzi 10 huongezeka pungufu kidogo ya lita moja, na hakuna debe linalopotea kwa njia hiyo.

Sisi tulipata kilomita 421 za kweli kwa lita 53 na nusu, yaani kilomita 7.9 kwa lita, katika matope, na keria ya juu ikiwa na mzigo. Tuliporudi kwenye mwezi wa shutuma, kilomita 1,263 kwa kiasi hicho zilihitaji lita 160. Zilinunuliwa lita 171, na lita 11 zilikuwa bado tangini. Hesabu ilifunga. Tuliirudia mara mbili mezani, na mara ya pili mweka hazina aliweka kalamu chini akaenda kusimama dirishani.

Jambo moja dogo tuliongeze kwa wale wanaotunza madaftari ya magari. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha katika jarida la Science kwamba hesabu ya mwendo kwa kila kipimo cha mafuta huwapotosha watu. Fikirini: gari kubwa linalotoka kilomita 6 kwa lita kufika 8 linaokoa lita 4 na zaidi katika kila kilomita 100, gari dogo linalotoka 12 kufika 14 linaokoa lita moja na kidogo tu, ingawa pande zote mbili tumeongeza kilomita 2. Huko Marekani, tangu magari ya toleo la mwaka 2013, karatasi ya dirishani ya gari jipya huonyesha pia galoni zinazotumika kwa maili 100. Nasi tungefanya vema kuandika lita kwa kilomita 100. Na katika gari kubwa mambo madogo yana faida kubwa: keria ishushwe isipotumika, upepo wa tairi upimwe, na mwendo upunguzwe, maana ukitoka kilomita 80 kwa saa kufika 100, upinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Lakini hayo ni ya daftari. Turudi kwa mzee.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwake, sisi na mweka hazina, tukiwa na karatasi ya hesabu na tochi. Tulimkuta akimenya mahindi. Alitukaribisha, mkewe akaleta viti, tukaeleza habari ya mteremko na ya tairi, tukaomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, “Nimewasamehe, Baba. Ila mmekuja kwangu usiku. Habari yangu ilitangazwa mchana.”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefikiri kwamba kumrudishia ufunguo kunatosha, kama mtu anayerudisha jembe aliloazima. Njiani mweka hazina alisema kwamba tukisoma mambo hayo kanisani waumini watatucheka, kwamba wakubwa wa parokia hawajui kusoma geji. Alisema kweli, walitucheka.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, tulisimama mbele ya waamini wote. Tulisoma kilomita 1,200, tukasoma 1,263. Tukasoma lita 171, tukasoma lita 11 zilizokuwa tangini. Tukataja mteremko na tairi. Tukasema kwamba dereva wetu hakuchukua hata tone, na kwamba tuliomshitaki ni sisi. Tukaagiza karatasi hiyo isomwe katika vigango vyote 14, kwa kuwa uvumi ulikuwa umefika kote huko. Mzee alikuwa benchi la mwisho. Safari hii hakutoka.

Baada ya Misa alikuja sakristia. Tulimpa ufunguo kwa mikono miwili. Aliingia garini, akawasha, na wala hakuutazama mshale. Alichukua daftari, akaandika kilomita na tarehe, akalinyoosha dirishani akisema, “Baba, tia sahihi hapa kwanza.”