Saa Sita za Nchi Kavu



Katibu aliponiomba niseme machache leo alitaka nizungumze juu ya utalii wa meli, kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, naye anadhani watumishi wa Serikali tunajua kila kitu. Mimi nitawaeleza habari za siku moja tu ya mwenzetu, tuliyelala naye bweni moja, ambaye leo ni mpishi katika meli ya watalii. Ameniomba nisimtaje jina. Lakini nikisema ni yule aliyekuwa akigawa uji kwa haki, wa mwaka wetu wote wamekwisha mjua.

Meli hizo hupita mwambao wetu katika majira ya kiangazi cha kaskazi, zikigusa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Abiria hushuka asubuhi na kurudi jioni. Unguja ndiyo wanayoiota tangu kwao: mchanga mweupe, karafuu, vichochoro vya Mji Mkongwe. Dar es Salaam wengi wao huiona kwa dirisha la basi. Mabaharia wao husubiri zamu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka wapewe nafasi ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya na nafsi zao, ila kazi ikiruhusu. Mwenzetu kazi ilimruhusu Dar es Salaam, haikumruhusu Unguja. Alipewa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alikuwa hajamwona mama yake mwaka wa tatu huo.

Sasa, wengi wenu mliwahi kula katika nyumba ya mama yule pale Kariakoo. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na mwembe. Ukoo uliiuza, na mahali pale leo pamesimama ghorofa. Mama amehamia Chanika. Kwenda Chanika na kurudi, kwa msongamano wa magari tunaoujua, ruhusa yote ingeishia barabarani. Kwa hiyo mama mwenyewe ndiye aliyeondoka alfajiri kwa daladala, na miadi ikawa Mnazi Mmoja.

Mimi niliomba ruhusa kazini nikamngojea langoni mwa bandari. Akatoka na wenzake wawili, Wafilipino, waliotaka kuuona mji. Tukaenda kwa miguu, nami nikawa mwongozaji nisiye na leseni. Niliwaonyesha Boma la Kale, la miaka ya 1860, wakati Sultani Majid alipoanza kujenga mji huu. Nikawaonyesha kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Kwenye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, mmoja alitazama ile singe iliyoelekezwa bandarini akauliza, “Huyu anangoja meli gani?” Tangu nikiwa mtoto napita pale, na swali hilo halijanijia hata siku moja.

Tukafuata Samora hadi Mnara wa Saa, tukaingia Uhuru. Mwenzetu hakutazama chochote. Alikuwa akitembea kama mtu anayechelewa mtihani.

Mama alikuwa ameketi kivulini na kikapu chake. Nikamwamkia, “Shikamoo mama,” akaniitikia bila kuniangalia. Sitasimulia walivyopokeana. Kikapuni mlikuwa na wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na wale Wafilipino, waliozaliwa visiwani, walikula kwa mkono bila kufundishwa. Mama akawauliza, mimi nikitafsiri, nao mama zao wako wapi.

Baada ya kula mama alitaka aende Kariakoo “kidogo tu.” Njiani niliwaeleza wageni asili ya jina: Wajerumani walianza kujenga soko pale, vita ikaja mwaka 1914, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916 na kuweka hapo kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na ndimi zetu zikafanya Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wale hawakurudi makwao. Soko alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Nikawaeleza paa lake la miavuli iliyogeuzwa juu chini, lililokuwa likikusanya maji ya mvua. Mpishi wetu alimnunulia mama doti moja ya khanga. Mama akasoma maandishi yake, akacheka, hakutuambia kwa nini.

Halafu akatupeleka mtaani kwake. Akasimama mbele ya duka la simu, akapima kwa hatua kutoka ukingo wa barabara, akasema, “Mwembe ulikuwa hapa.” Mwenye duka akadhani tunataka chaja.

Ikawa saa nane. Tulichukua bajaji mbili. Langoni mwa bandari mama asingeweza kuingia, wala hakuomba. Mabasi ya abiria yalikuwa yakirejea, watu wamelala vitini kwa joto. Nikataka kumpeleka mama kwenye daladala, akakataa. Akasema nimpeleke Ferry.

Tukakaa pale kati ya wachuuzi wa samaki hadi saa kumi na mbili. Mlango wa bandari pale ni mwembamba, na meli ilipita karibu kama nyumba inayohama, taa zimewaka ghorofa zote. Mama akapunga khanga mpya. Jiko la meli, mwenzetu alikuwa amekwisha kuniambia, liko chini na halina dirisha. Hilo sikulitamka.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi moja. Wenzetu waliomo melini ni zaidi ya huyu mmoja; mimi nimehesabu watatu wa miaka yetu tu. Ratiba za meli hujulikana mapema. Naomba Chama kiwe na orodha ya wanachama wa Dar es Salaam wenye gari, walio tayari siku ya kazi kumfuata mzazi Chanika, Mbagala au Bunju na kumrudisha kwake usiku. Petroli tuchangiane. Karatasi iko kwa Katibu, na jina la kwanza ni langu.