Samaki Mwenye Meno: Vyombo vya Mvuvi wa Mshipi na Njia ya Kumshika Samaki kwa Salama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa viwanda vya Industrial Area, Nairobi, pamoja na jirani zao wa mitaa ya Kaloleni, Mbotela, Maringo na Jericho.)



Nilipotakiwa nije kuzungumza nanyi jioni hii juu ya uvuvi wa mshipi, mwenzangu mmoja alicheka, akaniuliza, "Je, utawafundisha uvuvi watu ambao mto wao ni Mto Ngong?" Swali lake lilikuwa na haki yake, nami nitalijibu kabla sijaketi. Lakini nikiwatazama ninyi mliojaa katika ukumbi huu naona kwamba mwenzangu hakufikiri sana. Industrial Area haina mwenyeji mmoja. Yuko hapa fundi wa mabati ambaye kwao ni Homa Bay, yuko karani wa ghala ambaye kwao ni Lodwar, na yule bwana anayecheka kule nyuma kwao ni Malindi. Kila mmoja ana likizo yake, na akifika kwao hapiti siku tatu asiende majini. Na wale ambao kwao hakuna maji makubwa hupanda gari siku ya Jumapili wakaenda bwawa la Masinga au ziwa la Naivasha, wakarudi jioni na samaki wawili watatu ndani ya gunia, na mara nyingine na kidole kilichofungwa kitambaa.

Ni habari za kidole hicho hasa nilizokuja kuzisema.

Katika mito na maziwa ya Ulaya yuko samaki aitwaye pike. Ni mrefu, mwembamba, rangi yake ni ya majani yenye madoadoa meupe, na mdomo wake ni bapa kama wa bata. Ndani ya mdomo huo mna meno mengi yaliyoelekea nyuma, hata kitu kikiisha kuingia hakitoki. Hujificha penye magugu ya majini akingoja, kisha hutoka kama mshale. Waingereza wapendao kumvua wamejifunza tangu zamani kwamba samaki wa namna hii havuliwi kwa vyombo vya kuvulia samaki wadogo, wala hashikwi kama wao. Maji yetu hayana pike, walakini yana wenziwe kwa tabia, ingawa si kwa ukoo. Katika Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf mpaka mwaka 1975, yuko samaki ambaye wageni wamempa jina la yule mnyama mkali wa India, chui mwenye milia. Meno yake huonekana hata akifumba mdomo. Huko Pwani yuko mzia, ambaye kwa umbo hutofautiana kidogo tu na pike. Hao wawili ndio wenye meno ya kukata.

Wengine hawana meno ya namna hiyo lakini wana silaha nyingine. Sangara ana miiba migumu mgongoni, na vifuniko vya mashavu yake vina kingo kali. Kamongo ana taya zenye kuminya kama mkasi wa bati. Na kambale, ambaye watu wengi humdharau kwa kuwa hana magamba, ana mwiba mmoja mgumu katika kila pezi la kifuani, na akishikwa huusimamisha.

Sasa tuseme habari za vyombo. Mtu anayekwenda kuvua samaki mwenye meno, chombo chake cha kwanza si ndoana wala fimbo, bali ni kipande cha waya. Mshipi wa nailoni, hata uwe mnene namna gani, ukipita kati ya meno ya mzia hukatika kama uzi wa cherehani. Watu husema, "Basi, samaki ameponyoka, na ahesabu bahati." Hivyo sivyo. Samaki huyo amekwenda na ndoana kooni, na huenda asiweze kula tena, akafa polepole, asimfae mtu yeyote. Kwa hiyo, kati ya mshipi na ndoana weka waya laini wa chuma uliosokotwa, urefu wake usipungue futi moja na nusu, maana samaki akijiviringisha waya mfupi haufiki kitu. Kabla ya kutupa, upitishe waya vidoleni. Ukiona umejikunja au uzi wake mmoja umekatika, utupe, ufunge mwingine. Waya ni rahisi kuliko samaki, na watu wa Industrial Area hawana haja ya kufundishwa kazi ya waya.

Mshipi wenyewe uwe na nguvu. Wako vijana wanaojisifu kwamba wamemvua samaki mkubwa kwa mshipi mwembamba, wakicheza naye saa nzima. Mimi sioni sifa hapo. Samaki aliyechoshwa mno, ukimrudisha majini, huenda asipone.

Kuhusu ndoana, dukani ziko zenye kulabu tatu zilizoungana pamoja, nazo hupendwa kwa sababu samaki hakosi kunaswa. Ni kweli kwamba samaki hakosi. Lakini hata mvuvi hakosi, kwa kuwa samaki akiwa amenaswa kwa kulabu moja, zile mbili zinazobaki zinangoja mkono wako. Mimi nashauri ndoana ya kulabu moja, kubwa ya kutosha, na lile jino dogo lililo karibu na ncha lilazwe kwa koleo. Mshipi ukikazwa wakati wote samaki hatoki, na saa ya kumtoa ndoana hutoka kwa mara moja bila kupasua nyama.

Baada ya hayo yanafuata koleo lenye midomo mirefu na myembamba, mkasi wa kukatia waya, kisu kikali, gunia, na wavu wa mkono wenye mdomo mpana. Koleo na mkasi vifungwe kiunoni kwa kamba. Nimeona mara nyingi mtu ameshika samaki mwenye kutapatapa, na koleo lake limo ndani ya mfuko, na mfuko uko hatua 30 juu ya ukingo. Vyombo hivi vyote hupatikana Gikomba na kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji bila gharama kubwa.

Chambo kikishikwa, usingoje kwa kudhani kwamba unampa samaki nafasi ya kushiba. Ukingoja atameza, na ndoana iliyomezwa ndiyo mama wa matata yote. Vuta mara unapoona chelezo kinakwenda.

Samaki akifika ukingoni, usimnyanyue kwa mshipi. Mpitishie wavu chini, kisha umlaze juu ya gunia lililolowa maji, wala si juu ya changarawe au mchanga wa moto. Lowesha mikono yako kwanza. Ule utelezi ulio juu ya mwili wa samaki ndio ngozi yake ya pili inayomkinga na maradhi, na mkono mkavu huuondoa. Kama ni samaki wa kuliwa, usimwache atapetape mpaka afe; mpige pigo moja zito kichwani, juu ya macho. Samaki asiyeteseka nyama yake hukaa vizuri zaidi, na mtoto anayekutazama hujifunza kitu kizuri. Kama ni wa kurudishwa, toa ndoana upesi kwa koleo, mshike ndani ya maji kichwa chake kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Usimshike machoni, wala usitie vidole katika yale matamvua mekundu anayopumulia. Katika Ziwa Victoria sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, nayo ni kanuni ya haki, kwa sababu mdogo huyo hajazaa bado.

Kambale hushikwa kwa njia yake. Mkandamize kwa gunia lililolowa, pitisha kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, nyuma ya ile miiba ya kifuani, ukaze. Miiba ikiwa mbele ya mkono wako haiwezi kukufikia. Nami nasema haya kwa kuwa naijua ile njia nyingine. Siku moja huko Masinga nilimkamata kambale mzima mzima kama mtu ashikaye mchi, akapiga mkia, na mwiba ukaingia katika kiganja cha kulia. Damu ilikuwa kidogo sana. Niliufuta mkono kwa suruali, nikaendelea kuvua mpaka jua likashuka. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na nilikaa siku 19 bila kushika chombo cha kazi. Wakati huo nilikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Mke wangu hakusema neno, lakini kila jioni aliweka sufuria mezani kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Basi mkichomwa na mwiba, osheni jeraha pale pale kwa maji safi ya kunywa na sabuni, si kwa maji ya bwawa, kisha mwende kwa mganga wa hospitali siku ile ile, mkamwambie ni mwiba wa samaki. Mwulizeni pia habari za sindano ya pepopunda. Ndoana ikizama katika nyama, usiivute kinyumenyume, kwa maana jino lake litapasua. Ikiwa ni kidoleni na haikuzama sana, na hospitali iko mbali, isukume mbele mpaka ncha itokeze, kata lile jino kwa mkasi wa waya, ndipo uirudishe ilikotoka. Ikiwa ni karibu na jicho au shingoni, usiiguse kabisa. Kata mshipi, umpeleke mtu hospitali na ndoana yake.

Neno moja juu ya mahali penyewe. Masinga na Turkana kuna mamba, na Naivasha kuna viboko. Usisimame majini ukipasua samaki na kuosha matumbo yake, kwa sababu damu huita. Tena, kabla ya kutupa mshipi po pote, nenda ofisi ya uvuvi ya mahali hapo ukaulize habari za leseni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 haimsamehe mtu kwa kuwa ametoka Nairobi.

Samaki aliyekufa huanza kuharibika mara hiyo, na safari ya kurudi mjini ni ya saa nyingi. Mpasue, toa matumbo na mashavu, ondoa damu iliyoganda penye uti wa mgongo, kisha umzike katika barafu. Sanduku la bati lililotiwa maranda ya mbao kati ya kuta zake mbili hutunza barafu mpaka usiku. Asiye na barafu afunge samaki katika gunia la maji na kuliweka kivulini penye upepo, asilitie chini ya kiti cha gari karibu na injini, kisha ampike jioni ile ile. Watu wa Pwani wajue jambo hili zaidi: jodari na vibua wakikaa juani hutoka sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mtu hula samaki aliyeiva vizuri, na baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma na mwili unawasha.

Sasa nalijibu swali la mwenzangu. Mto Ngong hujaza Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambalo leo limefunikwa na gugu maji na uchafu wa vyoo. Ukitoka hapo hupita vijiji vya Mukuru na nyuma ya viwanda vyetu, ukipokea kila kinachotupwa. Hata hivyo watoto wetu huenda huko na ndoana za pini, na pengine hurudi na kambale mdogo, wakafurahi sana. Wazazi wengine husema, "Samaki yu hai, basi maji si mabaya." Hapo ndipo penye hatari. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi, kwa hiyo huishi katika maji ambayo samaki wengine wamekwisha kufa. Uzima wake si shahidi wa usafi wa maji. Tena risasi, yaani ile madini inayotumika katika betri za magari, ikiingia katika mwili wa samaki haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na ikiingia katika mwili wa mtoto huharibu akili yake polepole bila kumpa homa wala kikohozi cha kumwonya mama yake. Mtoto mwenye hamu ya uvuvi asipigwe. Mchukue Jumapili moja uende naye Masinga, ukamfundishe pale.

Hapa mezani nina waya, koleo na kambale mmoja niliyemnunua Gikomba leo asubuhi, ambaye miiba yake bado ni mizima. Wanaotaka kujifunza kufunga waya waje upande wa kulia, na wanaotaka kumshika kambale waje kushoto, mmoja mmoja, watoto wakitangulia.