Jina la Kaka Juu ya Santuri

Jumamosi iliyopita mvua ilinikimbiza Kariakoo, nikajibanza katika kiduka nisichokijua. Ndani zimetundikwa suruali za bugaluu, raizoni zimepangwa chini, na pembeni yamejaa maboksi ya santuri. Nikadhani ni mitumba kama mingine. Bei zikanizindua!

Kulikuwa na kimini pia, kimening'inia mlangoni bila wasiwasi. Wa rika langu mnakumbuka Operesheni Vijana ya mwaka 1969, jinsi vazi hilo lilivyopigwa vita. Leo msichana wa chuo analigombea.

Lakini mimi nilivutwa na santuri. Zile ndogo, za wimbo mmoja kila upande. Nyingi zilifyatuliwa Nairobi, kwani kwetu hapakuwa na kiwanda, na bendi zetu zilivuka mpaka kwenda kurekodi huko. Nikazipekua moja moja, nikinusa vumbi, hadi nikakuta karatasi yenye jina la marehemu kaka yangu, kwa mwandiko wake wa wino wa buluu.

Wasikilizaji, santuri zile niliziuza mimi. Boksi zima, mwaka aliofariki, tena kwa fedha isiyotosha kilo mbili za nyama. Nyumbani niliwaambia zimeliwa na panya.

"Shikamoo mzee. Hiyo elfu hamsini," akasema kijana mwenye duka. Sikumweleza kitu. Niliomba apunguze, akakataa. Wageni, anasema, hulipa zaidi.

Nikahesabu noti. Akaniuliza kama nina gramafoni.

Sina. Niliiuza pamoja nazo.