Deni la Baba Kabla ya Mirathi

Mzee akifariki akaacha duka, tunagombania nini kwanza? Funguo! Leo tumkumbuke Zubeir bin Al-Awwam (r.a.), sahaba, mfanyabiashara na baba.

Watu walimpelekea pesa awawekee amana. Akikataa, akitaka zihesabiwe kuwa deni, kwani alichelea zisije zikapotea. Amana ikipotea bila ya uzembe hailipwi, lakini deni lazima lilipwe. Siku ya vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria (656), alimuusia mwanawe Abdallah amlipie madeni yake, na akishindwa amuombe Mwenyezi Mungu msaada. Siku hiyo hiyo akauawa.

Abdallah akahesabu: deni ni 2,200,000! Pesa taslimu hakuna, ila ardhi na nyumba. Akauza ardhi ya Al-Ghaba, akalipa. Nduguze wakataka mirathi. Akawaambia la, mpaka atangaze kwenye Hijja miaka 4 kwamba anayemdai Zubeir ajitokeze. Ilipokwisha ndipo wakagawana.

Basi wewe uliyefiwa na mzee, Ramadhani hii usiishie kumuombea dua tu. Fungua daftari lake la duka, uliza msikitini na sokoni nani anamdai. Na wewe mzazi uliye hai, andika madeni yako, mwanao ayajue. Huo nao ni urithi.

Wabillahi tawfiq.