Tahadhari Ifike Dikoni



Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitutangazia Kimbunga Jobo. Kikaisha nguvu kabla ya kufika Dar es Salaam, na wapo waliosema tumetishwa bure. Mei 2024 kikaja Hidaya. Boti za Zanzibar zikasimamishwa, na tarehe 4 kikatua Mafia. Nyumba zikaharibika, na mvua zikakata barabara ya kusini huko Kilwa. Waliotutangazia Jobo ndio hao hao waliotutangazia Hidaya. Mara ya kwanza tulinusurika, hatukudanganywa.

TMA hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Lakini nahodha wa dagaa hutoka baada ya magharibi, na simu kaiacha nyumbani isilowe. Ujumbe ukiingia, anausoma mkewe, naye hana namna ya kumfikia. Pengo liko hapo, kati ya ofisi ya mtaa na mchangani.

Tunaomba mchango kwa mambo matatu. Kwanza, mlingoti dikoni wenye bendera za rangi hizo hizo, unaoonekana kabla chombo hakijashushwa. Pili, kipaza sauti cha sola, kwa kuwa upepo ukivuma umeme hukatika. Tatu, vijana wa zamu chini ya BMU, wenye daftari: nani katoka, saa ngapi, na watu wangapi. Daftari hilo ndilo litakalotuambia nani hajarudi.

Bendera tunapendekeza aipandishe mzee wa diko. Yeye akisema leo msitoke, vijana humsikia. Na hatari ikipita aishushe upesi, maana siku bila kutoka ni siku bila kula.

Mlingoti hununuliwa mara moja, lakini betri hufa, bendera huchanika, na vijana wa zamu wanahitaji vocha. Kwa hiyo sisi wa kamati ya fedha tunaomba mwaka huu ahadi ya kila mwezi, hata iwe ndogo, kuliko kitita cha siku moja. Mchanganuo uko nyuma ya kijitabu hiki, na hesabu mtaletewa kila robo mwaka.

Tahadhari kabla ya hatari.