Kuziba Maji Yanayovuja kwenye Taa ya Breki ya Pikapu

 

Mara nyingi tunapokutana tunazungumza habari za mbegu, palizi na dawa. Leo tutazungumza habari za chombo kinachobeba jasho la mkulima kutoka shambani mpaka ghala la chama cha msingi, yaani pikapu. Iwe ni yako mwenyewe, iwe ya ndugu watatu walioichangia, au mnaikodi msimu wa ufuta na korosho, ikiharibika mnapata hasara nyote.

Pikapu nyingi zina taa tatu za breki. Mbili ziko chini, kushoto na kulia. Ya tatu iko juu, nyuma ya kabini, pale juu ya kioo cha nyuma. Kuna pikapu nyingine ambazo taa hiyo imefungwa kwenye mlango wa nyuma wa sehemu ya mizigo. Sisi leo tunaitaka ile ya juu ya kioo, kwa sababu hiyo ndiyo inayoingiza maji ndani ya kabini.

Taa hii haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Huko Marekani ilikuwa lazima kwa magari madogo mapya kuanzia yale ya mwaka 1986, na kwa pikapu kuanzia zile za mwaka 1994, baada ya majaribio kuonyesha kuwa inapunguza ajali za kugongwa kwa nyuma. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Ukipakia magunia ya korosho, vumbi na matope hufunika taa za chini, lakini ile ya juu huonekana bado. Pamoja na hayo, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magari ya njia ya Dar es Salaam na kusini hayangoji tena pantoni. Yanapita mchana na usiku, tena kwa mwendo mkali. Anayekufuata usiku kati ya Somanga na Nangurukuru, awe na basi au na pikipiki, anategemea taa hizo apate kujua kwamba umekanyaga breki.

Sasa, maji yanaingiaje? Nyuma ya taa hiyo bati la kabini limetobolewa ili waya zipite. Kati ya taa na bati kuna gasketi ya sponji laini. Jua la pwani likiichoma miaka mingi, gasketi hukauka, ikabonyea na kupasuka. Plastiki ya taa nayo hupata nyufa. Mvua ikija na upepo, maji hupenya pale, hutembea juu ya dari ya ndani, kisha hushuka mahali pengine kabisa. Ndiyo maana dereva hukuta mkanda wa kiti umelowa, au hukanyaga breki akamwagikiwa na maji kichwani, wala asijue yametoka wapi.

Ndugu mkulima, usidharau tone hilo. Haba na haba hujaza kibaba. Mkulima anayeficha mbegu yake ya ufuta nyuma ya kiti, akidhani ndipo pakavu, ataikuta imevunda au imechipua ndani ya mfuko. Karatasi za mauzo hulowa na wino ukafutika. Sakafu ya kabini huoza kwa kutu chini ya zulia pasipo mtu kuona, na hewa ya chumvi ya bahari huiongezea kasi. Lililo baya zaidi ni umeme. Katika magari mengi taa zote tatu za breki hutumia fyuzi moja. Maji yakifika kwenye waya za taa ya juu na kuzigusanisha, fyuzi hukatika na taa zote tatu huzimika pamoja. Ndani ya gari dereva hana habari. Anakanyaga breki kama kawaida, na aliye nyuma haoni kitu.

Haya, tuanze kazi. Wakati mzuri ni kiangazi, baada ya masika kwisha na kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa pwani hii na barabara ikakatika sehemu za Kilwa, magari yalikwama njiani. Kuziba gari katika hali kama hiyo hakuwezekani. Gundi haishiki kwenye bati lililolowa.

Kwanza, hakikisha kosa liko kwenye taa. Mwambie mwenzako aketi ndani na tochi. Wewe chukua kopo la maji, umwage polepole, ukianzia chini kwenda juu. Mwagia kwanza kingo za kioo cha nyuma, ungoje kama dakika tano. Ndani pakibaki pakavu, mwagia taa. Mwishoni mwagia paa, mahali pa antena ya redio na penye skrubu za kichanja cha mizigo kama kipo. Ukianzia juu utalowesha kila mahali, na hutajua maji yamepita wapi. Usitumie bomba lenye nguvu, maana hilo husukuma maji hata pasipovuja. Ukiwa bado na shaka, funika taa kwa nailoni na utepe, na pikapu isitembee mpaka utakapoondoa kifuniko hicho. Mvua ikinyesha na ndani pakabaki pakavu, basi umeshampata mwizi wako.

Pili, fungua taa. Chomoa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Halafu chukua bisibisi inayoenea sawasawa kwenye skrubu, kwani kwa kawaida ziko mbili, moja kila upande. Ikiwa zimeshika kutu, tia tone la mafuta ya kupenya, ungoje, wala usilazimishe. Taa ikilegea, ivute kidogo kidogo, kwa maana waya zake ni fupi. Chomoa plagi, au zungusha soketi za balbu zitoke. Sasa itazame taa juani. Ukiona maji au ukungu ndani ya plastiki, au ufa, ujue kwamba gasketi peke yake haitatosha. Ufa mdogo unazibika. Taa iliyovunjika ibadilishe.

Tatu, safisha. Ondoa gasketi kuukuu na gundi yote ya zamani kwa kijiti cha mti, si kwa kisu, ili usikwaruze rangi. Usioshe plastiki kwa petroli, kwani inaweza kuiharibu. Tumia maji ya sabuni, kisha maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingine vya huku pwani vina maji ya munyu, kwa hiyo tumia maji ya mvua uliyokinga kama unayo. Tazama vizuri kingo za lile tundu la waya, maana ndipo kutu huanzia. Isugue kwa msasa mpaka bati ling'ae, pake rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke kabisa. Ukiziba juu ya kutu, kutu itaendelea kula bati chini kwa chini.

Nne, weka gasketi mpya. Kama ya gari hilo inapatikana dukani, nunua hiyo. Kama haipatikani, tumia utepe wa sponji usionyonya maji. Kuupima ni rahisi: tumbukiza kipande majini, ukikamue, kisha kikate katikati. Ukikuta ndani pamelowa, hiyo ni sponji ya godoro, haifai. Wengine hukata ndala. Ni kweli ndala hainywi maji, lakini ni ngumu na nene, haibonyei kufuata mkunjo wa bati, na maji hupita pembeni. Mpira wa tyubu nao ni mwembamba na haujazi nafasi. Pande zote za gasketi zizunguke tundu bila kuacha mwanya, na mahali ncha mbili zinapokutana pawe upande wa chini, siyo juu.

Watu wengi hupenda kupaka silikoni. Haikatazwi, lakini soma maandishi ya tyubu na uinuse. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati na shaba ya waya. Hiyo iachie kazi za kioo na vigae. Kwa gari tafuta ile isiyonuka siki. Paka mstari mwembamba kuzunguka, usiifiche taa nzima ndani ya gundi, kwani siku balbu ikiungua utashindwa kuifungua. Na kama taa ina kitundu kidogo upande wa chini, usikizibe. Hicho kimewekwa ili unyevu utoke.

Tano, rudisha taa. Safisha vichwa vya waya, na kama fundi umeme ana grisi maalumu ya umeme, paka kidogo. Kaza skrubu kwa zamu, hii kidogo, na ile kidogo, mpaka gasketi ibonyee sawa pande zote. Usikaze kwa nguvu za kukazia tairi! Plastiki hupinda, katikati pakainuka, na maji yakapata mlango mpya. Kama umetumia silikoni, usiloweshe gari mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu upite. Nyingi huhitaji siku nzima.

Sita, rudisha waya wa betri na ujaribu. Mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma ahesabu: moja, mbili, tatu. Zote ziwake. Ukikuta fyuzi imekatika, weka nyingine yenye namba ileile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue. Ukiinyima kazi hiyo, waya zitashika moto, na moto wa gari lililopakia ufuta hauzimiki kwa mchanga wa viganja viwili. Fyuzi mpya ikikatika tena papo hapo, simamisha gari na umwite fundi umeme. Rudia pia jaribio la kopo la maji.

Kazi ya mwisho husahauliwa na wengi. Inua mazulia na sponji iliyo chini yake, sogeza kiti mbele, acha milango wazi juani mpaka sakafu ikauke kabisa. Ukiziba juu na kuacha maji chini, umemfungia adui ndani ya nyumba.

Ndugu wakulima, kwa kifupi yashikeni haya. Pimeni kabla ya kufungua. Ondoeni kutu kabla ya kuziba. Chagueni sponji isiyonyonya na gundi isiyonuka siki. Kazeni kwa kiasi. Hesabuni taa tatu kila mnapopakia mzigo, hasa kabla ya safari ya usiku. Kuhesabu huko hakugharimu hata senti moja. Mnyimeni ruhusa dereva wa kukodi ambaye taa zake haziwaki, hata kama bei yake ni nafuu, kwa maana juu ya magunia yale mara nyingi huketi watoto wetu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu wa leo ni mdogo kama kidole, na vifaa vyake ni bisibisi, msasa, kipande cha sponji na mchana mmoja wa jua. Jueni kwamba bati likishaoza, hiyo ni kazi ya kuchomelea, na mtu akishagongwa, hakuna fundi wa kumrudisha.