Mtandao wa Ofisi ni Mali ya Ofisi

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya makatibu, wahasibu na wajumbe wa kamati za sharika iliyofanyika Ukonga, Dar es Salaam.



Nimeombwa nizungumzie namna ya kufunga mtandao wa kompyuta ofisini, na namna ya kutafuta tatizo pale unapogoma. Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mratibu wa miradi, na kazi hiyo imenifikisha katika ofisi nyingi. Nimeona mtandao ukifungwa kwa fedha za mradi na kuzinduliwa kwa picha, kisha baada ya miaka miwili seva imefunikwa kitambaa na mhasibu anabeba hesabu zote kwenye flashi mfukoni. Mara nyingi vifaa vyenyewe havijafa. Kinachokosekana ni mtu wa ofisini anayejua nini kimefungwa wapi, na fungu dogo la kukitunza.

Tukumbuke pia kilichomo ndani ya mashine hizo. Yamo majina ya watoto wanaolipiwa ada, daftari la mikopo la vikundi vya kuweka na kukopa, na vocha zinazosubiri mkaguzi. Mama muuza genge aliyemaliza kurejesha mkopo wake hana ushahidi mwingine zaidi ya mstari mmoja katika faili lile. Faili likipotea, ataonekana bado anadaiwa.

Somo la zamani

Tanzania ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye, matatizo ya mfumo wa hesabu za Serikali, uliotegemea sana wataalamu wa kutoka nje, yaliifanya Serikali ipige marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini somo lake halijachakaa: mashine isiyo na mwenyeji anayeijua hugeuka mzigo. Ofisi zetu ndogo zinaweza kuingia katika shimo hilo hilo, kwa kiwango chake.

Mtandao wa ndani na intaneti ni vitu viwili

Mtu akisema "mtandao haupo", swali la kwanza ni: upi? Fikirini mabomba ya maji. DAWASA wakikata maji mtaani, mabomba ya ndani ya nyumba hayajaharibika, na kama una tangi juu ya paa, maji yanaendelea kutoka. Mtandao wa ndani ni yale mabomba ya nyumba: kebo, swichi, rauta, printa na seva. Intaneti ni bomba la kutoka nje.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikazorota hapa Tanzania na katika nchi jirani. Hakuna fundi wa Ukonga ambaye angeweza kutengeneza tatizo hilo. Lakini ofisi yenye mtandao wa ndani uliokaa sawa haikuwa na sababu ya kusimamisha vocha, kuchapa barua wala kufungua daftari la mikopo. Hivyo basi, msiweke kazi zote za ofisi mahali ambapo zinafikiwa kwa intaneti tu.

Wakati wa kufunga

Nunueni kwa kipimo cha ofisi. Ofisi yenye kompyuta tatu haihitaji seva kubwa yenye kelele na joto. Kompyuta moja imara, au kisanduku cha kuhifadhia mafaili chenye diski mbili, kinatosha kwa miaka mingi. Ofisi yenye watu kumi na zaidi na programu ya uhasibu inayotumiwa na wengi kwa pamoja, hiyo ndiyo yenye sababu ya seva kamili.

Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Ipiteni ndani ya mfereji wa plastiki, mbali na nyaya za umeme, na panya wasiifikie. Kila kebo iandikwe namba ileile pande zote mbili. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na siku ya tatizo itawaokolea nusu siku. Kama ofisi ziko katika majengo mawili, msivute kebo ya shaba hewani kutoka paa hadi paa, kwa sababu radi hupitia humo na kuunguza swichi za pande zote mbili. Tumieni kebo ya nyuzi za kioo au antena zisizotumia waya.

Seva ikae katika chumba kinachofungwa na chenye hewa, ijuu kidogo ya sakafu. Vumbi na joto la Dar es Salaam huchosha mashine kabla ya wakati. Aidha, seva na printa zipewe anwani za kudumu, tofauti na zile ambazo rauta huzigawa yenyewe. Bila hivyo, leo printa inapatikana, kesho haionekani, na kila mtu anadhani imeharibika. Wageni wapewe njia yao ya intaneti isiyofika kwenye mafaili ya ofisi.

Mtandao unapogoma

Ushauri wangu ni kwenda kwa mpangilio, kutoka karibu kwenda mbali, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayechomoa vitu vitano kwa pamoja, hata akifanikiwa, hatajua kilichoponya.

Kwanza ulizeni: ni kompyuta moja au zote? Ikiwa ni moja, tatizo liko kwake au kwenye kebo yake. Tazameni taa ndogo pale kebo inapoingia. Kama haiwaki, jaribuni kebo nyingine, kisha tundu lingine la swichi. Watu wengi wamelipa nauli ya fundi kutoka Kariakoo, akakaa saa mbili kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, akafika na kusukuma kebo iliyolegea.

Pili, taa ikiwaka, tazameni anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani na haikujibiwa. Angalieni rauta, au kebo inayoielekea. Ikiwa anwani ni ya familia tofauti na za wenzake, huenda kuna mtu amechomeka rauta ya pili, labda aliyoileta kutoka nyumbani ili apate intaneti mezani kwake. Rauta mbili zinazogawa anwani ndani ya ofisi moja ni kama makarani wawili wanaotoa namba za foleni bila kuonana.

Tatu, tumieni amri ya ping kuuliza kama rauta inajibu, kisha seva, kisha anwani iliyo nje. Pale majibu yanapokatikia ndipo pa kutafuta. Kama seva inajibu kwa namba yake lakini haipatikani kwa jina, mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye huduma ya majina.

Ikiwa ofisi nzima imesimama ghafla na taa zote za swichi zinapepesa pamoja bila kupumzika, tafuteni kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi. Hutokea sana baada ya usafi, mtu anapoona ncha inaning'inia na kuirudisha kwa nia njema. Ichomoeni, na ofisi itarudi.

Seva nayo ina magonjwa yake ya kawaida. Diski ikijaa, programu ya hesabu hukataa kuhifadhi. Betri ndogo ya ndani ikiisha, saa hurudi nyuma miaka kadhaa na vocha hupata tarehe za ajabu. Haya yanaonekana mapema kwa anayeitazama seva mara moja kwa wiki.

Umeme

Mliokuwepo mwaka 2006 mnakumbuka mgao wa umeme wa ukame ule. Mgao ulirudi tena mwishoni mwa 2023. Hata bila mgao, LUKU ikiisha Ijumaa usiku, seva huzimika kama iliyopigwa rungu. Kuzimika kwa ghafla wakati diski inaandika ndiko kunakovunja mafaili. UPS ndogo haikusudiwi kuendesha ofisi mchana kutwa. Kazi yake ni kutoa dakika chache za kuzima seva kwa heshima, na nyingi zina waya wa kuiambia seva ijizime yenyewe. Waya huo mara nyingi hubaki ndani ya boksi. Utafuteni. Betri yake pia huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, hivyo wekeni bei yake kwenye bajeti kabla haijafa.

Nakala za akiba

Wengi huambiwa kwamba seva yenye diski mbili zinazofanana iko salama. Diski mbili humlinda mtu dhidi ya diski moja kufa. Hazimlindi dhidi ya mwizi, moto, faili lililofutwa kwa bahati mbaya, wala virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Kilichofutwa kwenye diski ya kwanza hufutika papo hapo kwenye ya pili.

Kanuni ni rahisi: mafaili yawe mahali patatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo. Sisi wa Ukonga hatuhitaji kuelezwa sana juu ya hilo la mwisho. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi Gongo la Mboto, zaidi ya watu 20 walipoteza maisha na maelfu waliacha nyumba zao wakiwa na nguo walizovaa. Desemba mwaka huo huo mafuriko yakaingia katika nyumba nyingi za jiji hili. Katika usiku kama ule hakuna anayerudi ndani kuchukua diski, na wala asirudi. Nakala iwe imeshatoka mapema: ipelekwe kila wiki kwenye ofisi nyingine au ifungiwe kwenye kabati la benki, ikiwa imefungwa kwa neno la siri.

Kila mwezi chagueni faili moja na mlirudishe kutoka kwenye nakala, mlifungue, mlisome. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Daftari la mtandao

Ipo ofisi moja, si lazima niitaje, iliyofungiwa mtandao mzuri na kijana mwenye uwezo. Maneno yote ya siri yalikuwa kichwani mwake. Alipopata kazi mkoani na kubadilisha namba ya simu, rauta ikagoma, na seva ikakataa kufunguka kwa yeyote. Ilichukua wiki tatu na fundi mwingine wa kulipwa. Ripoti ya robo mwaka ikachelewa, fedha za awamu ya pili zikachelewa, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa ada. Hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa kimeharibika.

Kwa sababu hiyo, kila ofisi iwe na daftari: mchoro wa kebo, anwani za seva, rauta na printa, tarehe ya kununua, jina la fundi, na kila tengenezo lililofanyika. Maneno ya siri ya usimamizi yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa sahihi mbili, na yakae sefuni. Mtumishi akiondoka, maneno yabadilishwe siku hiyo hiyo. Wala fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla ya kukabidhi daftari.

Sheria nayo inatudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwenye Tume na kuzilinda taarifa hizo. Orodha zetu za watoto na wagonjwa ni taarifa nyeti. Seva iliyo wazi kwa kila apitaye sasa ni suala la kisheria.

Fedha

Nimalizie kwa wajumbe wa kamati na kwa wafadhili. Maandiko mengi ya miradi yana mstari wa kununua vifaa na hayana mstari wa kuvitunza. Pendekezo langu ni kwamba kwa kila shilingi kumi za kununua, tutenge walau moja kila mwaka kwa betri, diski, leseni na siku za fundi. Tuhesabu pia umri wa programu. Windows 7 iliacha kupata masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wafadhili wetu, mkiombwa fedha za seva, ulizeni nani ataitunza na kwa fungu lipi. Swali hilo ni msaada kwetu.

Kwa kamati zetu naomba mambo manne kabla ya kikao kijacho: mtumishi mmoja na msaidizi wake wateuliwe kwa maandishi, daftari lifunguliwe, nakala moja itoke nje ya jengo, na faili moja lirudishwe kwa majaribio mbele ya kamati. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Sasa nakaribisha maswali.